Tairi za Ghalani

Tela la wanawake wa Mollo lilipinduka siku ya Alhamisi, tarehe kumi na tisa Mei, mwaka 2022, kwenye kona ya tatu ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, jua kali, barabara kavu. Nayataja haya kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba kulikuwa na utelezi, wapo waliosema ukungu, na wengine walikuja na habari za uchawi, maana kwetu mtu akijikwaa tu anatafutwa jirani wa kusingiziwa. Hakukuwa na utelezi wala ukungu. Tairi ya nyuma kushoto ilipasuka, tela likalala ubavu, wakafa wanawake wawili. Mmoja ni Jenifer, mama wa watoto watatu. Wa pili ni Silvana, mdogo wangu, tumbo moja.

Mimi naitwa Eustaki. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nimeziba pancha miaka kumi na tisa mjini Sumbawanga, na sheria ya ardhi nimejisomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, mikono ina gundi. Nimewaandikia wakurugenzi wanne kuhusu barabara ile ya bondeni, na majibu yao yote ninayo: hakuna hata moja. Nina madaftari kumi na moja. Ndani yake nimeandika nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani. Watu wa Mollo, kata yetu, wananiogopa kwa madaftari hayo kuliko wanavyomwogopa mtendaji wa kata, na sikuona ubaya. Mnyonge asiyekumbuka anaibiwa mara mbili.

Basi baada ya mazishi mimi ndiye niliyesimama. Dereva wa trekta alikuwa Dominiko, mtu wa makamo, mkimya, aliyewashusha wanawake bondeni misimu kumi bila mkwaruzo. Nikasema mbele ya kikundi kizima cha wenye tela, ambacho mimi naandika mikutano yake, kwamba Dominiko alinuka pombe alipotolewa kwenye trekta, na kwamba tairi iliyopasuka ilikuwa mpya kabisa, nimeitoa ghalani na mwenzake kwa mikono yangu wiki ile ile, na tairi mpya haipasuki ila dereva aipasue. Hoja ikakaa. Dominiko alijaribu kueleza habari za dumu la komoni, pombe ya kienyeji ya wanawake, lililokuwa nyuma ya kiti chake likammwagikia mgongoni. Watu waliguna. Mwezi haukuisha akahama, akaenda Wampembe ziwani kuanika dagaa. Niliandika kwenye daftari la tisa: *Ameondoka mwenye hatia.*

Sasa nieleze tela lenyewe, maana lisipoeleweka hakuna kitakachoeleweka.

Wanawake wetu wanakodi mashamba ya mpunga kule chini Kaoze. Mwezi wa tano mpunga unaiva, na Kaoze msimu wa mavuno hakuna chumba cha mgeni, na mbu wa bonde hawana adabu. Kwa hiyo kikundi kilijenga nyumba juu ya tela: vitanda vya juu na chini, paa la bati, madirisha ya wavu, jiko nyuma, na tangi la maji, kwa sababu maji ya kule yana chumvi na wanawake wa Mollo hawataki kupikia chumvi wasiyoitia wenyewe. Nyumba hiyo inakokotwa na trekta kilomita zote zile, kisha inashushwa mlima ambao hata punda anafikiria mara mbili.

Baada ya ajali tela lilikaa miaka mitatu nyuma ya ghala, kuku wakitagia humo. Mwaka huu, 2025, wanawake wakasema imetosha. Mwenyekiti wao, Epifania, aliita mafundi, ubavu ukanyooshwa, bati likapigwa upya. Zilibaki tairi. Zilihitajika nne, na Epifania alikuwa na hesabu yake tayari: ghalani mlikuwa na mbili mpya, hazijawahi kugusa vumbi, ndugu wa ile iliyopasuka. Alitaka zitolewe hizo, mjini zikanunuliwe nyingine mbili, Jumatatu ya tarehe ishirini na sita tela lishuke.

Kulikuwa na sheria ya ghala. Mfipa akiweka ulezi hauweki wa mwaka mmoja. Ulezi ukikaa pakavu, aliouweka bibi anaupika mjukuu, na ladha ni ile ile. Na kwenye kikundi chetu, kitu kilichowekwa ghalani kinatolewa na mkono ule ule uliokiweka, ili kisije kikapotea halafu kila mtu aseme si mimi. Tairi zile niliziweka mimi. Kwa hiyo Epifania alikuja kwangu asubuhi ya Jumatatu, wiki mbili kabla ya safari, akakaa kwenye kigoda, akasema nikapande ngazi nizitoe.

Nilimwambia twende kwanza mjini tukanunue hizo mbili, hizi nitazitoa jioni. Sikuwa na shaka yoyote. Nilikuwa na uvivu wa kupanda ngazi, basi. Uvivu huo ndio ninaoushukuru mpaka leo. Wala sikuwa mtu wa kuzembea safari ile, kwa sababu mmoja wa wanawake ishirini na wawili waliojiandikisha alikuwa Debora, binti wa Silvana. Tangu mama yake afe anakaa kwangu. Alitaka kwenda kuvuna shamba la mama yake, na alitaka kitanda kile kile cha mama yake, cha chini, nyuma kushoto.

Muuza tairi anaitwa Ambakisye, mtu wa Mbeya, duka lake liko karibu na soko. Nje alikuwa amepanga mitumba, zinang'aa kwa mafuta. Epifania alizikagua kama sisi sote tunavyokagua, kwa kidole gumba. Alisukuma kidole katikati ya kashata za tairi moja, yale meno yake, kikazama mpaka kwenye ukucha, akaridhika. Alisema hii ina nyama.

Ambakisye alimwamkia shikamoo, kisha akauliza tela lina uzito gani. Epifania akajibu kwamba ni zito.

"Mama, hata mimi ni mzito," Ambakisye akasema. "Nauliza tani ngapi."

Hakuna aliyejua. Tela lilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, limeua watu wawili, na hakuna mtu mmoja kati yetu aliyewahi kulipima. Mimi mwenye madaftari kumi na moja sikujua.

Ambakisye akakataa kutuuzia. Alisema muuza viatu haulizi mtu anakwenda wapi, lakini muuza tairi asipouliza ni mshiriki. Tulipokuwa tunaondoka, akaipiga teke ile tairi aliyoipenda Epifania, akatuonyesha ubavuni alama yenye umbo la yai, na ndani yake namba nne: 3814. Akaniambia nisome.

Nilimwambia ni namba ya kiwanda. Nimeziona miaka kumi na tisa, nimezipaka sabuni, nimezisugua kwa brashi, na siku zote nilijua ni namba ya kiwanda.

"Mzee Eustaki," akasema, "wewe unayewaandikia barua wakubwa, kumbe tairi hujui kuisoma? Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Hii imezaliwa wiki ya thelathini na nane, mwaka kumi na nne. Ni bibi. Tumempaka mafuta tu."

Nikamuuliza vipi ikiwa haijatumika, ikiwa imekaa ndani, pakavu, gizani.

"Inazeeka hata ikilala. Mpira unakauka, unaachana na nyuzi zake za ndani, huku kashata zimesimama kama za jana. Kidole chako kitasema mpya. Ukiibebesha mzigo, ikapata joto la mteremko, inafunguka yote kwa mara moja. Miaka sita. Ukijikaza, saba. Baada ya hapo ikate, nyweshea ng'ombe maji."

Epifania alikuwa bado anatazama ile tairi. Mimi nilikuwa siitazami tena. Nilikuwa nahesabu.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Minza, mama wa Kisukuma anayefuga pembezoni mwa kata. Minza alikuwamo ndani ya tela siku ile, mkono wake wa kulia haunyooki mpaka leo. Baada ya ajali aliomba ile tairi iliyopasuka, akaipasua vizuri, akaifanya chombo cha kulambishia ng'ombe magadi. Wafipa walimsema sana, kwamba mtu gani anatunza kitu kilichotaka kumuua. Alijibu kwamba nyoka akishakufa ngozi yake ni mkanda.

Nilimwomba maji. Nilipiga magoti kwenye samadi, nikasugua ubavu wa tairi kwa kigunzi cha mahindi, ng'ombe wakinipumulia shingoni. Minza aliuliza natafuta nini, nikasema namba. Ikatokea taratibu, kwanza lile yai, kisha sifuri, kisha nne. Kisha moja. Kisha moja.

Wiki ya nne, mwaka kumi na moja. Siku ilipopasuka, ile tairi mpya niliyoitoa kwa mikono yangu ilikuwa na miaka kumi na moja na zaidi.

Minza hakusoma shule lakini alinisoma mimi. Akasema, "Dominiko alisema. Alisema ilipasuka kabla hajagusa breki. Mimi nilisikia. Ulikuwa mlio mmoja, halafu ndiyo tukaanza kuyumba." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya mkutano. "Ulikuwa unaongea wewe," akasema.

Jioni nilitoa daftari la pili, la mwaka 2012. Nilijua nitakachokikuta, lakini mtu aliyewasomea wenzake makosa yao miaka yote hana ruhusa ya kutojisomea. Kikundi kilinunua tairi nane mwaka ule, nne zikafungwa, nne zikabaki, na wengi walitaka zilizobaki ziuzwe. Imeandikwa kwa mwandiko wangu, wino wa buluu: *Ndugu Eustaki ametoa hoja kwamba tairi nne zihifadhiwe ghalani pamoja na ulezi, kwa kuwa kitu kipya kikikaa pakavu hakiharibiki. Hoja imepita.*

Nasema hivi. Nimepigana na wenye mashamba, nimepigana na wapimaji wa vipimo vya uongo, nimepigana na wakubwa wanaoruhusu tairi zilizochoka kwa wenzetu ng'ambo zije kumalizia uchovu wao juu ya watoto wetu. Hao wote wanastahili. Lakini tairi iliyomuua Silvana haikuletwa na mkubwa yeyote. Iliwekwa ghalani na kaka yake, kwa upendo, kama ulezi.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria hivyo siku mbili nzima, sitajifanya malaika. Nilimwambia Epifania kwamba tairi za ghalani zimeliwa na panya. Akasema panya hawali mpira, na kama sitaki kupanda ngazi, sheria itatenguliwa, atapanda Steven, yule dereva mpya wa trekta. Steven mwenyewe alikuwa tayari ameshaziona. Alisema, mzee usiwe na presha, ziko poa, zina hadi vile vinywele vya kiwandani. Vinywele vile ndivyo vilivyoniadaa mimi pia.

Kwa hiyo Alhamisi niliomba mkutano, pale mbele ya ghala. Walikuja wote ishirini na wawili. Debora alikaa mbele.

Nilisoma daftari la pili kwanza. Kisha nikawaeleza zile namba. Nikaona wengi wanafikiri ni moja ya hotuba zangu, mmoja alikuwa anachambua maharage. Ndipo nikasema:

"Dominiko hakuua mtu. Tairi ile niliiweka mimi, nikaitoa mimi, nikaisifia mimi. Kisha nikamfukuza mtu ili nisiulizwe."

Aliyekuwa anachambua maharage aliacha. Halafu mama mmoja mtu mzima, mama mkwe wa marehemu Jenifer, akauliza polepole, "Na hilo umeliandika kwenye daftari lako, mwalimu usiye na cheti? Au humo wanaingia wenzako tu?"

Nikasema nitaliandika. Akasema, "Liandike sasa, tukiona." Nikaandika nimesimama, mguu kwenye ngazi, daftari juu ya goti, nikilisoma kila neno kwa sauti.

Epifania aliinuka. Nilidhani atanitoa kwenye kikundi, na ilikuwa haki yake. Alisema tu kwamba tangi la maji lilihamishiwa nyuma kushoto mwaka 2021 kwa amri yake, ili liwe karibu na jiko, na kwamba kesho tela litakokotwa kwa tairi za kuazima mpaka kwenye mzani wa wanunuzi wa mahindi, kila gurudumu lipimwe peke yake, watu wote ndani na tangi limejaa. Kisha akanigeukia.

"Mkono ulioweka," akasema. "Panda."

Nilipanda ngazi. Nikazishusha moja moja, nyeusi, safi, nzuri, zina harufu ya ulezi. Wakaniletea msumeno. Hakuna aliyenisaidia wala aliyeondoka. Ilinichukua mpaka saa kumi na moja kuzikata zote mbili vipande, ili asije mtu akazihurumia. Debora aliondoka mapema, alipoona ya kwanza imefunguka. Hakusema na mimi siku ile wala zilizofuata. Chakula alinipakulia, akakiweka, akaenda.

Mzani ulisema hivi: magurudumu matatu yalibeba kila moja tani moja na kilo mia mbili hivi. La nyuma kushoto lilibeba tani moja na kilo mia nane. Ubavuni mwa tairi za zamani ilikuwa imeandikwa mwisho wake, tani moja na nusu. Kwa hiyo ile iliyopasuka ilikuwa nzee, na ilikuwa imeelemewa, na ilikuwa na joto. Epifania alisimama kwenye mzani muda mrefu tela lilipokwisha kuondoka.

Tangi likatolewa, maji yatachotwa chini ya mlima, Muze, kwa madumu. Tukarudi kwa Ambakisye na karatasi ya mzani. Safari hii alituuzia. Tulichagua tano, ya tano ya akiba, zote za namna moja, nyuzi zake nene, kila moja ikiruhusiwa tani moja na nusu, ingawa tulihitaji tani moja na ushei tu. Alisema tairi usiipangie kazi yake yote, iachie pumzi. Alitufundisha kuzijaza upepo asubuhi zikiwa baridi, mpaka kipimo kilichoandikwa ubavuni, siyo kupiga teke na kusikiliza. Wanawake walizisoma wenyewe, mmoja mmoja, wameinama. Zilikuwa za mwaka huu, wiki ya sita. Ambakisye alipoona foleni ile akasema ndaga fijo, asante sana kwa lugha ya kwao, hajawahi kukaguliwa hivyo hata na polisi.

Siku nne kabla ya safari nilipanda lori la kwenda Wampembe.

Dominiko alikuwa anageuza dagaa kwenye vichanja. Ameota mvi. Nilimwambia yote nimesimama kwenye mchanga, bila kukaa, na yeye hakuacha kugeuza dagaa. Nilipomaliza akasema breki zilikuwa moto lakini zilishika. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, alijua zilishika, lakini watu walipomwambia sana akaanza kufikiri labda hazikushika. Nikamwomba arudi, trekta ni lake, kikundi kimesema. Akatikisa kichwa. Ana mke huku, ana mtoto.

"Nina swali moja," akasema. "Tela lile umelipanda mara ngapi?"

Nikamwambia kweli. Miaka kumi na tatu, hoja zote zile, sijawahi kulipanda hata mara moja. Sina shamba Kaoze.

"Basi lipande," akasema. "Kaa pale." Hakuhitaji kuniambia pale ni wapi.

Jumatatu, tarehe ishirini na sita, saa kumi na mbili asubuhi, Epifania alipima upepo kwa kipimo, tairi nne na ya akiba, akitaja kwa sauti. Niliingia na blanketi langu. Wanawake walitazamana. Debora alikuwa ameketi kwenye kitanda cha chini, nyuma kushoto. Alinitazama, kisha akasogea upande wa dirisha kidogo, nafasi ya mtu mmoja.

Kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa uwanda unakwisha ghafla na bonde lote linaonekana chini, na Ziwa Rukwa kwa mbali kama bati. Steven alisimamisha, akaweka gia ya chini kabisa. Tukaanza kushuka. Niliweka kiganja juu ya ubao wa sakafu, nikasikia gurudumu linavyosaga mawe, jiwe kwa jiwe. Kona ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu pana misalaba miwili ya mbao niliyoichonga mimi, na hapo Debora akakishika kiganja changu pale pale kilipokuwa, juu ya ubao, akakibana kwa nguvu kiasi cha kuniumiza. Sikujua kama ni huruma au ni adhabu.

Chini ya mlima, Muze, tulisimama kuchota maji. Debora alishuka wa kwanza. Alikwenda kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akaliwekea kiganja ubavuni, akahesabu kimya, midomo ikicheza, mpaka kumi. Lilikuwa na uvuguvugu tu.

"Mjomba," akasema, neno lake la kwanza kwangu katika siku kumi na moja, "niletee lile daftari ulilojiandika. Andika wiki na mwaka. Halafu andika mwaka wa kuzitupa."

Niliandika: 2031. Alilichukua daftari, akalisoma, akalitia kwenye kapu lake pamoja na mundu wa mama yake. Hajanirudishia.